Kwake mimi ni ndugu, mlangoni pa wodi nikaambiwa niwaachie familia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nimeolewa na nina watoto wawili wa kiume. Nina rafiki ambaye hapa nitamwita M. Tulikutana chuoni baada ya kupangiwa chumba kimoja, wala mwanzoni hatukupendana. Yeye ni mtu wa kulala taa ikiwaka, mimi siwezi. Sasa imepita zaidi ya miaka ishirini na hakuna binadamu anayenijua kama yeye, mume wangu akiwemo.

Siwezi kueleza yote. Alipokuwa anajifungua, mwenzi wake alikuwa keshaondoka, kwa hiyo niliyeingia naye chumba cha kujifungulia ni mimi. Mama yangu alipopigwa na kiharusi, M. ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku ili mimi nipate kufumba macho, na mama alipofariki watu walimpa pole yeye kama walivyonipa mimi. Binti yake ana miaka 12 na ananiita mama mkubwa. M. ana ufunguo wa nyumba yangu, mimi nina nywila ya simu yake. Wanangu wakikosana nami hukimbilia kwake, naye hunirudishia wakiwa wametulia.

Miezi michache iliyopita aligundulika ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, akapangiwa upasuaji. Vipimo vyote nilikwenda naye. Siku ya kulazwa begi lake nilibeba mimi. Fomu ya hospitali ilipofika kwenye nafasi ya ndugu wa karibu, akaandika jina la kaka yake, ambaye kwa miaka mingi hawakuwa wakisemeshana kwa sababu ya ugomvi wa mali ya baba yao. Nilishangaa, nikanyamaza.

Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa, maana alivuja damu nyingi. Daktari alipotoka alimwita kaka. Nami nikasimama. Kaka akaniambia, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma: "Dada, tunakushukuru sana, lakini tuachie familia kidogo." Nikabaki kwenye benchi la ukumbini na begi mapajani, sijui kama mwenzangu yu hai.

Alipona, namshukuru Mungu. Kaka na mkewe wakahamia kwake kumuuguza. Siku hizi nikienda nakaribishwa sebuleni na kusubiri. Siku moja wifi yake aliuliza mbele yangu, "Huyu dada mlifahamiana wapi?" M. akajibu, "Ni rafiki yangu wa chuo," akaendelea na mazungumzo mengine. Rafiki wa chuo! Shangazi, niliaga nikaenda kulia ndani ya gari.

Tangu siku hiyo sijarudi. Ananiandikia, "Mbona kimya?" Namjibu nina kazi nyingi. Mume wangu anasema najitafutia maumivu: "Huyo ni rafiki tu. Ana watu wake, nawe una wako." Kinachonitatiza zaidi ni yule binti. Usiku wa kuamkia upasuaji M. alinishika mkono akasema, "Nikifa, mtoto ni wako." Nikamwambia sawa. Mume wangu hajui. Sasa najiuliza, ahadi ile ina uzito gani ikiwa hata kwenye fomu sikutosha?

Nina haki ya kuumia? Nimwambie M. au niyameze? Na mtoto je?

Mama Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu. Na pole.

Haki ya kuumia unayo, hilo tulimalize upesi. Aliyebaki kwenye benchi bila habari ameumia kama aliyeitwa na daktari, pengine zaidi, maana aliyeitwa angalau alipata la kusikia. Kuna profesa wa Marekani, Kenneth Doka, ambaye mwaka 1989 alihariri kitabu kizima kuhusu huzuni ambazo jamii haizitambui, zile za watu ambao uhusiano wao na marehemu haupewi nafasi. Marafiki wamo humo. M. hakufa, lakini kwa saa kadhaa wewe ulikaa mahali pa mfiwa asiyepewa pole, na hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa nikwambie nilichokiona kwenye barua yako, wala usinikasirikie. Umenieleza mliyotendeana: chumba cha kujifungulia, usiku wa mama yako, vipimo, begi. Sikuona sentensi hata moja mliyowahi kuambiana kuhusu ninyi wenyewe, kwamba wewe ni nani kwangu, mimi ni nani kwako, na watu wengine watutambue vipi. Zaidi ya miaka ishirini! Mmeishi undugu kwa vitendo mkaona vitendo vinatosha, na kwenu wawili vimetosha kweli. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, lakini fomu za hospitali hazijui methali. Karani aliyeipokea ile fomu hakuwapo usiku ule mama yako akigeuzwa kitandani. Wifi naye hakuwapo.

Ndugu wa damu anaweza kupotea miaka kumi, na siku akitokea mlangoni kila mtu anajua amkaribishe wapi. Huo ni upendeleo aliozaliwa nao kaka, hakukuibia. Na tuseme ukweli: aliitwa na hospitali akaja. Wapo wanaoitwa wasije.

Turudi kwenye fomu, maana naona kidonda kipo hapo. Wewe unaisoma kama hukumu, kwamba M. aliwaweka kaka na wewe kwenye mizani ukaonekana mwepesi. Mimi siioni hivyo. Mtu anakwenda kupasuliwa, ana hofu ya kufa, ana kaka waliyenuniana kwa sababu ya mali. Kuandika jina lake huenda ilikuwa njia pekee aliyoiona ya kumwita bila kumwomba. Au haikuwa na kina chochote: wengi wakikuta nafasi ya ndugu kwenye fomu huandika wa tumbo moja bila kuwaza, kama wanavyojaza tarehe ya kuzaliwa. Ni lipi kati ya hayo, M. peke yake ndiye anayejua, nawe hukumuuliza.

Lakini tazama alivyogawa vitu. Jina la kaka aliliweka kwenye karatasi. Mtoto alimweka mikononi mwako. Mama anayeogopa kutoamka, ni kipi kati ya hivyo viwili anachokitoa baada ya kufikiri sana?

La "rafiki wa chuo" limeniuma hata mimi. Najaribu kuwaza yuko wapi alipolisema. Anauguza kidonda, anaoshwa na kuvalishwa na wifi ambaye jana tu walikuwa hawasalimiani, amani ile bado mbichi, anapima kila neno. Hilo linaeleza kwa nini alijibu kwa ufupi. Halimpi ruhusa ya kukupunguza mbele ya watu, na ni vyema alijue hivyo kutoka kinywani mwako. Mpaka sasa umemjibu kwa kimya. "Nina kazi nyingi" ni uongo mdogo, ila kwa mgonjwa hausikiki mdogo. Anayelala kitandani mchana kutwa ana muda mwingi wa kutafsiri, na tafsiri ya kwanza itakayomjia ni kwamba ulimpenda akiwa mzima.

Kwa hiyo mwambie. Nenda mwenyewe, mchana, saa ambazo ana nguvu, na kama wifi yupo mwombe M. mkae nje kidogo. Usiandike kwenye simu, kwani ujumbe mrefu wa usiku husomwa kwa sauti ambayo mwandishi hakuikusudia. Usianze na mema yako, maana mema yakishahesabiwa yanakuwa deni, na mdaiwa hujitetea. Wala usimtake achague kati yako na kaka. Huo ni mtego, na hata ukishinda utakuwa umemnyima kaka yake mara ya pili. Sema lililotokea na lilivyokupata. Kwa mfano:

"Siku ya upasuaji niliambiwa nitoke, nikakaa nje sijui kama u hai. Niliogopa kukupoteza nikiwa upande huo wa mlango. Na uliponitaja kuwa rafiki wa chuo, nilivunjika. Ndiyo maana nikapotea, si kazi. Mimi nakuhesabu dada yangu. Nataka kujua wewe unanihesabu nani."

Kisha unyamaze. Najua itakuwia vigumu, kwa sababu watu wa aina yako, wale wanaobeba mabegi ya wenzao, wana tabia ya kumsaidia mtu hata kujibu. Mwache atafute maneno yake.

Huenda atalia, huenda atashangaa kwamba ulikuwa na shaka. Inawezekana pia akasema jambo jepesi kuliko ulivyotaka, kwamba anakupenda sana lakini ndugu ni ndugu. Sioni dalili hiyo kwenye barua yako, ila sitakuficha kwamba ipo. Ikiwa hivyo, utapunguza mzigo unaoubeba hadi ulingane na nafasi uliyopewa, bila kununa na bila kumtangaza. Urafiki wa kiasi ni urafiki bado, ingawa kwa muda utauona kama msiba.

Mkiafikiana kwamba ninyi ni ndugu, wekeni maandishi. Najua linasikika kavu, la kiofisi. Lakini wanawake wameandika undugu wao tangu zamani. Wilayani Jiangyong, mkoa wa Hunan nchini China, wanawake walikuwa na maandishi yao wenyewe, nüshu. Wasichana walikuwa wakiapiana udada, na mmoja akiolewa, wenzake humwandikia kijitabu chenye jalada la kitambaa kinachofikishwa kwake siku ya tatu baada ya harusi. Yang Huanyi, anayetajwa kuwa mwanamke wa mwisho aliyejifunza maandishi hayo kwa njia ya asili, alifariki mwaka 2004. Wale hawakuwa na ofisi yoyote ya kuwatambua. Ninyi mnazo.

Anzeni na hospitali. Mara nyingi mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kumtaja amtakaye kwenye ile nafasi, na hakuna ubaya kuuliza kama anaweza kutaja wawili. Abaki kaka, uongezwe wewe. La maana zaidi, M. aseme kwa maandishi kwamba madaktari wana idhini ya kuzungumza nawe, kwa kuwa bila idhini hiyo siri ya mgonjwa humfunga daktari mdomo hata kama anakuona hapo kila siku. Kuamua matibabu mgonjwa akiwa hawezi kusema ni jambo jingine, na kila nchi ina sheria yake. Huko England na Wales, kwa mfano, sheria ya mwaka 2005 inamruhusu mtu mzima kumteua yeyote anayemwamini, awe ndugu au rafiki, amwamulie siku akishindwa kuamua mwenyewe. Asipoteua, kaka hapati mamlaka hayo kwa sababu tu ni kaka. Marekani nako, mwaka 2010, Rais Obama aliagiza wizara ya afya itunge kanuni za kuzitaka hospitali zinazopokea fedha za Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya kugharamia matibabu, ziheshimu chaguo la mgonjwa kuhusu wa kumtembelea. Agizo lenyewe lilimtaja mjane asiye na watoto anayenyimwa faraja ya rafiki yake mwema. Ukaone kwamba benchi ulilokalia wamelikalia wengi. Kwenu sheria inasemaje, wakili atawaambia kwa kikao kimoja. Na nakuomba, karatasi hizo zisiwe za kumwonesha kaka kwamba umeshinda.

Kuhusu mumeo. Anaupima urafiki kwa kipimo kidogo. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Julianne Holt-Lunstad walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko wenye mahusiano hafifu. Mahusiano hayo hayakuwa ya ndoa na damu pekee. Lakini usimtupie takwimu mumeo. Huenda anasema "rafiki tu" kwa sababu amekuona ukirudi nyumbani macho mekundu na hana dawa. Tena ana hoja ambayo bado hajui kwamba anayo: umeahidi kumlea mtoto kwa niaba ya nyumba ambayo si yako peke yako. Hapo nasimama upande wake. Mweleze kabla hujakaa na M., umweleze kama habari iliyochelewa, na umpe nafasi ya kuuliza maswali magumu. Mtoto atalala wapi, nani atamlipia ada, wanao watalipokeaje. Mtoto akija kwenye nyumba ambayo baba hakuulizwa, ataihisi hali hiyo kila siku.

Kuhusu ahadi yenyewe, kati yako na M. ina uzito wote. Mahakamani ina uzito mdogo sana. Hukunieleza baba wa binti yuko wapi. Kama yu hai, sheria za nchi nyingi humtazama yeye kwanza hata kama aliondoka, na baada yake ndugu wa damu wanaweza kujitokeza. M. akitaka neno lake lisikike, amtaje mlezi kwenye wosia ulioandikwa na kushuhudiwa inavyotakiwa, na aeleze kwa nini amekuchagua. Wewe usiwe shahidi wa wosia unaokutaja. Hata hapo mahakama inaweza kuwa na la kusema, na itauliza lipi lina manufaa kwa mtoto: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unataka maslahi bora ya mtoto yawe jambo la msingi la kuzingatiwa, na unampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kusikilizwa. Binti wa miaka 12 anayo maoni. M. amuulize taratibu, nguvu zikimrudia, mbali na mazungumzo ya kifo.

Halafu kaka. Usimkwepe. Yeye ndiye atakayeitwa tena hospitali ikipiga simu, na kwa namna ulivyoeleza hajui hata nusu ya unayoyajua: vipimo vilisema nini, dawa gani zilimsumbua, anakuwaje akiwa na maumivu asiyotaka kuyasema. Hayo anayahitaji kuliko wewe unavyohitaji aombe radhi. Mkishazungumza wewe na M., mwombe yeye mwenyewe akutambulishe upya kwa kaka na wifi kwa maneno anayoyataka. Kisha mpe kaka namba yako, uchukue yake, na mpangane ni nani atakayempeleka M. kliniki mara ijayo na nani atakaa na mtoto.